Popo wa Pemba na Jani la Mto Topo

Tumeulizwa suala na baadhi ya ndugu zetu, nalo ni hili: Ikiwa viumbe viwili vimo katika hatari ya kutoweka kabisa duniani, kimoja ni mnyama mwenye damu na macho, anyonyeshaye mwanawe kifuani, na cha pili ni kijimea ambacho mpitaji hukidhania kuwa ni ukoga tu ulioota juu ya kijiti, na juhudi na mali iliyopo haitoshi ila kwa kimoja, ni kipi kitangulizwe? Na je, hicho cha pili kina haki yo yote juu ya mwanadamu, au twaweza kukiacha kipotee bila ya lawama?

Twajua kuwa wako watakaolicheka suala hili. Watasema: Dunia imejaa wenye njaa na wagonjwa na wasiokuwa na pa kulala, nanyi mwakaa kupima popo na ukoga katika mizani! Jawabu yetu kwa hao ni kwamba suala la namna hii halimwondoshei mwenye njaa haki yake. Bali humfunza adabu aliyeshiba. Uadilifu wa mtu haujulikani kwa namna amtendeavyo mwenye nguvu, awezaye kumpeleka mbele ya kadhi na kumdai. Hujulikana pale ambapo hapana wa kumdai. Na ni nani asiyeweza kudai kuliko mmea usio na sauti, ulio ukingoni mwa mto wa mbali, ambao watu walio wengi hawajapata hata kulisikia jina lake? Basi hapa ni pahali pazuri pa mtu kuitazama nafsi yake.

Ili maneno yetu yasiwe ya hewani, tutashika viumbe viwili vilivyopo kweli, tuvieleze kwa uchache, kisha tuingie katika hoja.

Cha kwanza ni popo mkubwa wa kisiwa cha Pemba. Huyu si yule popo mdogo aingiaye katika mapaa ya nyumba zetu na kula wadudu. Huyu ni popo wa matunda, mwenye manyoya ya rangi ya kutu na mbawa nyeusi, uso wake mfano wa uso wa mbweha, na mbawa zake zikinyoshwa hufika kadiri ya mita moja na nusu. Hatafuti njia yake kwa sauti na mwangwi kama wafanyavyo popo wadogo, bali kwa macho na pua. Jinsi hii ya popo haipatikani po pote duniani ila Pemba. Na ukoo wake mkubwa, ambao umeenea katika visiwa vya Ngazija na Madagascar na Mauritius, na kupindukia hata Bara Hindi na Australia, hauna hata mmoja wake katika bara la Afrika. Kama kwamba mkondo wa bahari ulio baina ya Pemba na Tanga ni mpaka waliowekewa wasiuvuke.

Wanataalamu wa Ulaya walimwandika popo huyu katika vitabu vyao mwaka 1909, lakini wenyeji walimjua tangu zamani, kwani ndiye mshirika wao katika maembe na mashelisheli. Sehemu kubwa ya msitu wa kisiwa kile ilifyekwa kwa ajili ya mikarafuu na mashamba, naye akabakiwa na vipande vichache, kama msitu wa Ngezi ulio kaskazini, na miti mikubwa iliyoachwa katika makaburi. Juu ya hayo akawindwa kwa ajili ya nyama yake. Wala hatuingii hapa katika mas'ala ya kuliwa kwake, ambayo wanazuoni wamekwisha kuyaeleza katika vitabu vya fikihi. Makusudio yetu ni mengine. Mke wa popo huyu kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, na kiumbe azaaye hivyo hawezi kufidia upesi anachopunguziwa na bunduki na nyavu. Hata ilipofika mwisho wa miaka ya 1980, walioonekana walikuwa wachache mno, ikadhaniwa kuwa popo wa Pemba yu mbioni kwisha. Ndipo katika miaka ya 1990 wakuu wa misitu wa Zanzibar, pamoja na jumuiya ya Kiingereza ya Fauna & Flora International, walipoingia vijijini na kuzungumza na watu; na wanavijiji wenyewe wakaunda vikundi vya kuwalinda popo wao. Ilipofika mwaka 2008 hivi, walikadiriwa kuzidi 20,000. Pale Kidike wageni hutoa kiingilio ili wawatazame popo mitini, na fedha hizo hukifaa kijiji. Bado popo huyu amo katika orodha ya viumbe walio hatarini, walakini amerudi kutoka ukingoni mwa shimo.

Cha pili ni mmea wa jamii ambayo Waarabu huiita hashishatul-kabid, yaani jani la ini. Msomaji asidhani kuwa jamii hii ni ngeni kwake. Mimea yake huota hata kwetu, penye kivuli na unyevu, juu ya magome ya miti ya mlimani na juu ya mawe ya chemchemi, na watu huichanganya na ukoga na kuvumwani. Haina mizizi ya kweli, haina ua wala mbegu. Huzaana kwa chembe laini mfano wa vumbi. Wataalamu wameihesabu kuwa zaidi ya jinsi 7,000, nao wasema kwamba mimea ya namna hii ilikuwako juu ya ardhi mamilioni ya miaka kabla halijatokea ua la kwanza. Ama jina la ini, asili yake ni matabibu wa kale, waliodhani kuwa mmea ufananao na kiungo cha mwanadamu ndio dawa ya kiungo hicho. Wakaona baadhi ya majani haya yana umbo la ini, wakayapa jina kwa manufaa waliyoyatarajia. Manufaa hayakuonekana, na jina likabaki.

Mmoja katika mimea hii waota Ekwador, Amerika ya Kusini, katika bonde la mto Topo, uteremkao kutoka milima ya Andes na kumiminika katika mto Pastaza, ambao maji yake mwishowe hufika Amazon. Jina lake la kitaalamu ni Colura irrorata, na zamani uliitwa Myriocolea irrorata. Neno irrorata katika Kilatini maana yake ni kitu kilichorashiwa umande. Nalo ni jina la haki, kwani jani hili huota juu ya vijiti vya vichaka vilivyo ukingoni kabisa mwa mto, pale maji yapigapo mawe na kurasha, na mto ujaapo vichaka hivyo huzama. Riziki yake yote imo katika upeo mwembamba ulio baina ya maji na nchi kavu.

Aliyelipata mara ya kwanza ni Mwingereza Richard Spruce, mwaka 1857, alipokuwa akipanda kutoka nchi za Amazon kuelekea mji wa Baños. Mto Topo ulikuwa umejaa, ukamzuia asivuke upesi, naye akapata ukingoni pale kitu ambacho hakuna aliyepata kukiandika kabla yake. Kisha ikapita miaka 145. Jani lile halikupatikana tena na mtaalamu ye yote mpaka mwaka 2002, walipokwenda wengine katika mto ule ule wakalikuta lingali hai. Na furaha yao haikudumu, kwani palikuwapo mpango wa kuyageuza maji ya mto huo ili kupata nguvu za umeme. Basi likaandikwa katika orodha ya ulimwengu kwenye daraja ya mwisho ya hatari, ambayo baada yake hapana ila kutoweka.

Hapa twamwomba msomaji atue kidogo na kulitazama jambo moja. Popo wa Pemba, katika orodha hiyo hiyo, yuko chini ya jani hili kwa daraja mbili. Maana yake ni kwamba aliye karibu zaidi na shimo ni yule asiyejulikana, na aliyekwisha kuvutwa kidogo nyuma ndiye mwenye marafiki. Hatusemi hivi kwa kuwalaumu walioshughulika na popo. Wamefanya wema, na Mungu awalipe. Twasema hivi ili ionekane kuwa huruma ya watu haifuati hatari ilipo, bali hufuata kitu kingine. Kitu hicho ni nini? Tumeona kwamba watu hutoa hoja tatu katika kumtanguliza mnyama juu ya mmea. Na tutazipima moja moja.

Hoja ya kwanza ni ya manufaa. Wenye hoja hii wasema: Popo hula matunda akatapanya mbegu, huingia katika maua akachukua ungaunga kutoka mti hadi mti, na kwa hivyo msitu huzaliwa upya kwa kazi yake. Tena huleta wageni, na wageni huleta fedha. Jani la Topo lafanya nini? Halilishi mtu, haliponyi mtu, na hakuna msafiri atakayevuka bahari kuja kulitazama. Basi mwenye faida ahifadhiwe, na asiye na faida aachwe.

Hoja hii twaiona ni dhaifu, hata kwa popo mwenyewe. Kwani manufaa ni upanga ukatao huku na huku. Katika kisiwa cha Mauritius wako popo wa ukoo huu huu, nao pia hutapanya mbegu za msitu. Lakini wenye mashamba ya matunda walilalamika kwamba popo wanawala maembe na malichi yao, na serikali ya huko ikaamuru wauawe maelfu kwa maelfu, mwaka 2015 na tena mwaka 2016. Popo ni yule yule na kazi yake ni ile ile. Kilichogeuka ni hesabu ya mwenye shamba. Basi ikiwa haki ya kiumbe kuishi yategemea faida yake kwetu, haki hiyo hupanda na kushuka kama bei ya karafuu sokoni, na kitu kipandacho na kushuka namna hiyo hakiitwi haki.

Wako wanaotaka kulitetea jani kwa hoja hiyo hiyo ya manufaa, wakasema: Ni nani ajuaye? Labda kesho patapatikana dawa ndani yake. Na kwa hakika Spruce huyu aliyelipata jani ndiye aliyekusanya, mwaka 1860, mbegu na miche ya mkwinini katika nchi hiyo hiyo ya Ekwador, kwa amri ya serikali ya Uingereza, ikapelekwa Bara Hindi kupandwa. Na kila aliyeugua homa ya malaria katika pwani yetu ajua thamani ya kwinini. Mti ule nao, kabla ya dawa yake kujulikana, ulikuwa mti katika miti. Maneno haya ni ya kweli, walakini hatupendi kuijenga hoja yetu juu yake. Anayemhifadhi kiumbe kwa kutumaini faida ya kesho hatofautiani sana na amhifadhiye kwa faida ya leo. Wote wawili wameweka mkono mfukoni. Na siku itakapothibitika kuwa dawa haimo, watalitupa jani kama ganda. Spruce mwenyewe, ingawa alikuwa mtafutaji wa dawa, alikwisha kulieleza jambo hili kwa namna iliyotupendeza. Aliandika, kwa maana yake, kwamba mimea hii haijampa mwanadamu chakula wala kitu cha kumlevya. Lakini yafaa pale Mungu alipoiweka, na yana uzuri ndani ya nafsi yake, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuwapo kwa kila kilichopo.

Hoja ya pili ni ya maumivu, nayo ni nzito kuliko ya kwanza. Wenye hoja hii wasema: Popo akipigwa risasi huumia, na mwanawe aliyeshikamana na kifua chake hufa kwa njaa. Jani halina maumivu, halina hofu wala matumaini. Basi hakuna dhulma kwa kisichoweza kuhisi dhulma.

Twaikubali nusu ya hoja hii, na twaikataa nusu. Twaikubali kwamba popo, kila mmoja peke yake, ana haki ambayo jani moja halina. Kumtesa mnyama kwa mchezo ni ovu, hata kama wenzake wamejaa msituni. Na kuchuma jani moja kati ya mengi hakuna ubaya wo wote. Mwenye kusawazisha mambo hayo mawili amepotea katika upande wa pili. Walakini suala tuliloulizwa halikuwa juu ya popo mmoja na jani moja. Lilikuwa juu ya jinsi nzima kutoweka. Na kutoweka kwa jinsi si maumivu. Popo wa mwisho, akifa juu ya tawi lake, hajui kuwa yeye ni wa mwisho. Uchungu wake wa mauti ni sawa na uchungu wa popo aliyekufa miaka mia kabla yake, wakati ambapo mbingu ya Pemba ilikuwa nyeusi kwa popo. Hakuna maumivu yaliyozidi hata chembe. Pamoja na hayo, kila mwenye akili huona kuwa katika kufa kwa huyu wa mwisho pana msiba ambao haukuwamo katika kufa kwa yule wa zamani. Msiba huo ni nini, ikiwa si maumivu? Ni kwamba mlango umefungwa, na hakuna katika walimwengu awezaye kuufungua.

Na hapo ndipo hoja ya maumivu inapokatika. Kwani ikiwa ubaya wa kutoweka hautokani na maumivu, basi kukosa maumivu hakuwezi kumtoa ye yote katika ubaya huo. Mlango wa jani ukifungwa umefungwa sawasawa na mlango wa popo. Kwa hivyo twasema: Popo ana haki mbili, haki ya kutoteswa, ambayo ni ya kila mmoja wao, na haki ya jinsi yake isikatwe. Jani lina haki moja tu, nayo ni hii ya pili. Lakini katika hiyo ya pili wamesimama safu moja, bega kwa bega, na hakuna aliye mbele ya mwenzake.

Hoja ya tatu haisemwi kwa mdomo, lakini twadhani ndiyo yenye nguvu kuliko zote mbili. Nayo ni kwamba popo ana uso. Ana macho yatutazamayo, ana masikio, humfunika mwanawe kwa ubawa kama mama amfunikavyo mtoto kwa leso. Twamwona, nafsi zikajiona ndani yake, moyo ukalainika. Jani halina uso. Mwelekeo huu wa moyo si aibu, kwani ndivyo tulivyoumbwa. Lakini hauwi hujja. Kadhi aliyejiwa na wagombanao wawili, mmoja ni mtu wa ukoo wake na mwingine ni mgeni asiyejua lugha, hakatazwi kumpenda jamaa yake. Hukatazwa kuhukumu kwa mapenzi hayo. Na mgeni asiyejua lugha ndiye ambaye kadhi hulazimika kumtafutia mkalimani, kwa sababu hiyo hiyo ya kuwa hawezi kujisemea.

Ama rai yetu sisi, twaitegemeza juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu alijua, nalo ni amana. Mtu akikuwekea sanduku lake na kusafiri, wajibu wako ni kulihifadhi sanduku na vilivyomo. Hupewi ruhusa ya kulifungua, ukachagua vinavyokupendeza ukavitunza, na visivyokupendeza ukavitupa jaani kwa kusema, "Hivi sikuona kazi yake." Atakaporudi mwenyewe, hatakuuliza kama ulivipenda vitu vyake, atakuuliza viko wapi. Na huenda kile ulichokidhania karatasi chakavu kilikuwa ni hati ya nyumba yake. Lakini hata kama kilikuwa karatasi chakavu kweli, si chako. Uaminifu haupimwi kwa vitu ambavyo hata mwivi angevitunza. Dhahabu kila mtu huihifadhi. Mwaminifu hujulikana kwa kile kisichokuwa na thamani machoni pake, na ambacho hata hivyo amekirudisha kama alivyokikuta.

Sisi hatukuufanya mto Topo, wala hatukuyaumba maji yake, wala hatukulipanda jani lile pale, tumelikuta. Vivyo hivyo hatukumweka popo Pemba. Vyote viwili tumevikuta sandukuni. Na amana, kwa kawaida yake, haigawanyiki kwa mapenzi ya aliyewekewa.

Hapo atasimama mtu na kutujibu, na jawabu yake yastahiki kusikizwa. Atasema: Ni rahisi kwenu kunena hivi mkiwa mbali. Mwindaji wa Pemba alitaka kitoweo kwa watoto wake. Watu wa Ekwador wataka taa majumbani mwao na umeme katika hospitali zao. Je, mtoto akae gizani ili ukoga upate kurashiwa maji?

Twasema: La. Mwanadamu ni mwenye kutangulizwa, na dharura ina hukumu yake. Kama hapana njia nyingine ya kuokoa nafsi ya mtu ila kwa kulipoteza jani, jani litapotea, na tutasikitika bila ya kulaumu. Lakini dharura hupimwa kwa kadiri yake wala haizidishwi, na ajaye kwa jina la dharura yambidi aulizwe maswali matatu. La kwanza: Hii ni dharura kweli, au ni wepesi tu, au ni faida ya wachache waliojivika nguo za maskini? La pili: Je, hapana njia nyingine ya kulipata lile lile? La tatu: Dharura hii yahitaji kitu chote, au sehemu yake tu? Mara nyingi swali la tatu ndilo lifunguapo fundo. Mto si kitu cha kuchukuliwa chote au kuachwa chote. Yawezekana kuchukua maji ya kuendeshea mitambo na kuacha katika njia yake ya asili maji ya kutosha kurasha ukingo. Anayechukua hata tone la mwisho hakuchukua kwa sababu ya dharura. Alichukua kwa sababu hakuna aliyemwambia kuwa pana kitu ukingoni.

Na Pemba imetuonyesha kuwa jambo hili si ndoto. Hawakuletwa askari kutoka mbali wakawafukuza wawindaji kwa fimbo. Watu wale wale waliokuwa wakiwinda, au watoto wao na jirani zao, ndio walioelezwa ya kwamba popo huyu hana kwao kwengine, na kwamba akitoka mikononi mwao ametoka mikononi mwa ulimwengu. Wakaelewa, wakawa walinzi. Twaona katika hayo fundisho kubwa: mtu akijua kuwa yeye ndiye mwenye amana, na kwamba hapana mwingine wa kuitazama, mara nyingi huwa mtu mwema kuliko alivyodhaniwa.

Sasa tulirudie suala lenyewe, kwani muulizaji ana haki ya kupata jawabu iliyo wazi. Ikiwa juhudi haitoshi ila kwa kimoja, twasema hivi. Panapokuwa na mateso, popo atangulizwe, kwa kuwa yeye ahisi na jani halihisi. Lakini panapokuwa hatari ni ya kutoweka kwa jinsi, basi asitazamwe mwenye uso mzuri wala mwenye faida nyingi. Yatazamwe mambo matatu: ni kipi kilicho karibu zaidi na pasiporudiwa, ni kipi kisicho na mtetezi mwingine, na ni kipi ambacho kukiokoa kutawagharimu watu kidogo zaidi. Kwa mizani hiyo, leo jani la Topo hutangulia. Na lau katika miaka ya 1980 tungeulizwa suala hili hili, huenda popo angetangulia, kwani wakati ule yeye ndiye aliyekuwa ukingoni, na umeme wa Topo ulikuwa haujamtisha mtu. Hukumu hugeuka kwa kugeuka hali; mizani ndiyo isiyogeuka.

Lakini twapenda kuongeza neno moja, nalo latuhusu sisi tulio katika pwani hii ya Kenya kuliko linavyomhusu mtu wa Ekwador. Suala la "ni kipi kitangulizwe" mara nyingi hulizwa na watu ambao hawajatoa hata senti kwa ajili ya cho chote. Ni rahisi kukaa barazani na kugawanya mali ambayo haimo mfukoni. Kila watu wamepewa sanduku lao. Popo wa Pemba yu mikononi mwa Wapemba kwanza, na jani la Topo li mikononi mwa wakaao kando ya mto ule. Sisi yetu ni yepi? Ni mibuyu na mikwaju ya makaburini, ambayo hukatwa siku moja ili pafanywe pa kuwekea magari. Ni vipande vya misitu ya kaya, ambavyo wazee wa Kimijikenda walivihifadhi kwa heshima tangu kale na ambavyo sasa humegwa kidogo kidogo. Ni mikoko ya vihori vyetu. Ni chemchemi za milima ya Taita na mawe yake yenye unyevu, ambayo bila shaka yana majani-ini yake yasiyo na mtu wa kuyatazama. Katika kila pahali kama hapo pana mwenye uso na asiye na uso. Na aukataye mti kwa kuwa hakuona ndege juu yake hakutazama gome.

Basi kabla mtu hajauliza ni kipi kati ya viwili vya mbali kiokolewe, na atoke nje ya mlango wake aulize: Ni kitu gani hapa petu hakipatikani kwengine, na ni nani anayekitazama? Akiona kuwa hakuna anayekitazama, basi amekwisha kujua ni nani aliyewekewa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.